Yule Mama wa Prague

Kihesa, Iringa
3 Machi 2024

Dada yangu Tupokigwe,

Kaa kwanza ndipo usome. Tunakwenda Ulaya, mimi na Tekla!

Tangu masikio yako yakatae simu nimekuwa na sababu nzuri ya kushika kalamu, na leo kalamu yenyewe haishikiki kwa furaha. Binti yetu Goodness ametuita. Unajua yuko Dresden, Ujerumani, anauguza wazee. Tutakaa kwake wiki mbili mwezi wa tano, na katikati ya hizo wiki ametupangia siku tatu za kutembea mimi na mama yake peke yetu, kama maharusi, katika mji wa Prague, nchi ya Wacheki. Kutoka kwake ni safari ya treni ya asubuhi moja tu.

Prague, dada! Ndiko alikohubiri Yohana Hus kabla Luther hajazaliwa, ndiko lilikoota shina la kanisa letu la Moravian. Unakumbuka tulivyosimuliwa shule ya Jumapili, wewe ukilia kwa sababu walimchoma moto? Mimi nimewafundisha watoto wa watu historia mpaka nikastaafu, nikiwachorea ubaoni mito na madaraja ambayo sikuwahi kuyaona. Sasa nitayakanyaga.

Tekla ananitania. Anasema, "Ninyi nendeni mkaone mlipoonewa, mimi Mkatoliki nitakaa nje nikiwaombea msamaha waliomchoma." Nimecheka mpaka chai ikanimwagikia.

Amenishonea koti. Anasema baridi ya kule siyo hii yetu.

Ndugu yako,
Fanueli


Isyonje, Mbeya
24 Machi 2024

Mdogo wangu Fanueli,

Nimepata barua yako. Juzi nikapata nyingine. Leo mwanangu Ambokile kashuka mjini kupeleka viazi, karudi na ya tatu. Zote zinasema jambo moja, za Yohana Hus na chai kumwagika. Nimemwambia Ambokile, mjomba wako furaha imempanda kichwani, ataniandikia hadi ndege iondoke.

Nendeni salama. Mimi pale nilipofika mbali kabisa ni Dodoma, nikaumwa tumbo. Umsalimie sana wifi Tekla. Mwambie asikuache uvuke barabara peke yako, maana tangu utoto wewe ukiona jengo zuri unatembea ukiangalia juu.

Viazi mwaka huu vimeoza kwa mvua. Lakini habari yako imenitosha.

Dada yako,
Tupokigwe


Prague
15 Mei 2024

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa mezani hotelini, dirisha liko wazi, na kila paa ninaloliona ni jekundu. Usimwamini mtu anayekuambia kwamba picha zinatosha. Leo nimevuka daraja la mawe lenye sanamu za watakatifu kushoto na kulia, wengi wao weusi kwa moshi wa miaka mingi. Nimemgusa mmoja mguuni. Una baridi, dada, kama jiwe la mtoni kwetu.

Kuna saa kubwa ukutani, ya kale mno. Ikifika saa kamili vidirisha viwili vinafunguka na mitume wanapita mmoja mmoja, na sanamu ya mifupa ya mtu inapiga kengele. Watu wote wanainua simu zao. Mimi nilivua kofia.

Kuna mama mmoja ninayefuatana naye. Ni mpole sana. Ananifunga vifungo vya koti, anachukua mkate anaupaka siagi kabla sijaomba. Nadhani Goodness ndiye aliyemtafuta ili nisipotee. Ila Tekla sijui amechelewa wapi. Nilimuuliza huyu mama akageuka akaangalia pembeni, nami sikutaka kumsumbua zaidi, maana watu wa kuajiriwa hawaambiwi kila kitu.

Tekla angeupenda mji huu. Kesho nikienda kwenye kanisa la Hus nitamwekea nafasi kwenye benchi.

Fanueli


Dresden
18 Mei 2024

Wifi yangu mpenzi Tupokigwe,

Kamwene, kama tusalimianavyo kwetu Iringa. Jana tulirudi kutoka Prague salama kabisa, na nimeona nikuandikie kabla sijasahau.

Wifi, kaka yako amefurahi! Tulilala mahali pazuri karibu na mto. Siku ya kwanza tulitembea darajani, ya pili tukaenda kwenye saa yao ile ya mitume, ya tatu tukaingia kanisa alilohubiri Hus. Hakuchoka hata kidogo. Wazungu wawili walisimama kumsikiliza akieleza habari za zamani kwa Kiingereza, wakamshika mkono.

Mimi miguu ilinivimba, barabara zao zimetandikwa mawe. Chakula ni nyama na kabichi na vitu kama maandazi yaliyochemshwa. Fanueli alikula vizuri.

Siku ya pili tulipotezana kidogo kwenye umati, lakini tulionana. Nakuambia tu kwa vile Goodness anaweza kukutajia, usije ukashtuka.

Naye amekuandikia barua kutoka hukohuko Prague. Stempu nilinunua mimi mwenyewe. Nadhani amekusifia daraja.

Wifi yako,
Tekla


Isyonje
2 Julai 2024

Wifi Tekla,

Sina salamu nyingi leo.

Barua yako ilifika mwezi uliopita, nikaifurahia, nikawasomea na jirani. Juma hili imefika ya kaka yangu, ile ya kutoka Prague, imezunguka sana njiani. Sasa nataka uniambie. Huyo mama aliyekuwa naye ni nani?

Kaka yangu ameandika kwa mkono wake. Anasema kuna mama mmoja anafuatana naye, anamfunga koti na kumpakia mkate siagi, mama wa kuajiriwa. Anasema wewe hukuwepo. Anasema alikungoja. Na wewe unaniandikia "tulitembea, tukaenda, tukaingia". Ninyi nani, wifi? Ulibaki kwa binti yako ukimwachia mume wako mtu wa kukodi katika nchi ya watu? Au alikwenda na mwanamke mwingine, nawe unamfichia aibu?

Mimi nilimbeba Fanueli mgongoni akiwa hajui kutambaa, mama alipokuwa shambani. Usinifiche jambo lake.

Tupokigwe


Kihesa
10 Julai 2024

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

Huyo mama ni mimi.

Sikujua kwamba ameandika hivyo. Sikuwahi kufungua barua yake katika maisha yetu yote, na hiyo pia sikuifungua. Sasa nitakueleza kila kitu, na ukitaka kunilaumu, unilaumu ukiwa unajua.

Ilianza mwaka juzi. Alikuwa anasahau alipoweka miwani, nikasema ni uzee. Halafu akaanza kwenda shuleni asubuhi na tai shingoni, wakati amestaafu. Walimu vijana walikuwa wakimrudisha kwa heshima. Tukaenda hospitali Dar, wakampiga picha ya kichwa. Daktari aliniita pembeni akasema ni ugonjwa wa kusahau, ubongo unasinyaa taratibu, na dawa ya kuuponya hakuna. Akasema, "Mama, kama kuna jambo mzee amelitamani maishani, mfanyieni mwaka huu." Ndiyo maana Goodness akatuita. Haikuwa anasa, wifi. Tulikuwa tunakimbizana na giza.

Sikukuambia kwa sababu aliniomba. Siku moja akili yake ikiwa imetulia alinishika mkono akasema, "Dada asijue. Ananiona mimi ndiye mwenye akili ukoo mzima." Nikamwahidi.

Prague siku ya kwanza ilikuwa njema. Darajani alinieleza mfalme aliyelijenga, na watakatifu wale, mpaka nikasahau kuwa anaumwa. Nilijisemea moyoni, labda daktari alikosea.

Asubuhi ya pili niliamka nikamkuta amekaa kwenye kiti, amevaa viatu, ananitazama. Akaniambia kwa adabu sana, "Samahani mama, umeingiaje humu? Mke wangu akikuta itakuwa shida."

Nikamwambia, "Fanueli, ni mimi Tekla."

Akacheka kidogo. "Tekla bado kijana," akasema. "Wewe ni mtu mzima wa heshima zako."

Nikaingia bafuni nikafungulia maji ili asinisikie. Nilipotoka, nilimfunga koti, nikampeleka kunywa chai. Nikaamua siku hiyo niwe huyo mama. Nilifikiri ikipita siku moja atanirudia.

Pale kwenye saa palikuwa na watu kama mnadani. Kengele ilipolia wote wakasogea mbele, nami nikasukumwa. Nilipogeuka hakuwepo. Wifi, sijui kukueleza. Nilikimbia kwenye vichochoro ambavyo vyote vinafanana, nikiita jina lake, watu wakinipisha kama mwendawazimu. Sijui neno hata moja la lugha yao. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nilimwonyesha askari picha kwenye simu, akaongea na redio yake, akaniketisha kwenye kiti cha plastiki kituoni. Nilisali rozari nzima kwa vidole.

Jioni jua likiwa bado liko juu walimleta. Walimkuta kando ya mto anawafundisha watoto wa shule waliokuja matembezi. Alikuwa anawauliza maswali kwa Kiswahili na kunyoosha kidole, na mwalimu wao alikuwa amewaacha wasikilize. Askari akamuuliza kwa Kiingereza, "Huyu ni nani wako?" Fanueli akanitazama, akasema, "She is helping me," yaani namsaidia tu. Askari akataka hati. Ilibidi nitoe pasipoti zote mbili ili waone jina letu ni moja ndipo wanikabidhi mume wangu.

Siku ya tatu nikampeleka kwenye kanisa la Hus. Lile nililokuandikia ni kweli, wale wazungu walisimama, walimshika mkono. Alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza darasani. Sikukuambia lililofuata. Aliweka kofia yake kwenye benchi pembeni yake. Nilipotaka kukaa akaizuia kwa mkono, akasema, "Hapana mama, hapa pana mtu." Nikasimama nyuma yake mpaka alipomaliza kusali.

Kwenye treni ya kurudi alilala begani kwangu, akaamka, akasema, "Tekla, mbona macho mekundu?" Alinirudia mpaka tulipofika nyumbani. Tangu hapo huja na kuondoka. Juzi ameniuliza ni lini tunasafiri kwenda Prague. Nikamwambia tumekwisha kwenda. Akalia kama mtoto aliyeachwa. Sasa nikiulizwa najibu ni mwezi ujao.

Tekla


Isyonje
21 Julai 2024

Wifi Tekla,

Nimesoma. Nimempa na Ambokile asome, nisije nikasema macho yamenidanganya.

Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Baba alikufa mzee sana akimjua kila ng'ombe kwa jina. Mama vilevile. Fanueli aliondoka kwetu akili ikiwa nzima, akaja Iringa kwenu na akili nzima. Sisemi umemlisha kitu. Wengine hapa wanasema, mimi sisemi. Ninachosema ni kwamba mtu akikaa miaka mingi mbali na kwao, anakula vya watu na kuongea vya watu, kuna siku mwili unakataa.

Halafu mtu hajakujua asubuhi, wewe unamburuza kwenye umati wa Ulaya kuangalia saa?

Ambokile anakuja kumchukua mjomba wake mwisho wa mwezi. Usimzuie. Hapa kuna maziwa, kuna hewa ya mlimani, kuna sisi. Atapona.

Tupokigwe


Kihesa
30 Julai 2024

Wifi,

Ambokile huyu hapa, anafunga mizigo. Sikuzuia.

Nilikesha nikiwaza nikuandikie maneno makali, asubuhi nikakosa nguvu. Labda una haki. Labda akiona nyumba aliyozaliwa kitu kitafunguka. Mimi nimechoka, wifi, wala sioni aibu tena kusema nimechoka. Juzi amenifungia nje usiku kwenye baridi.

Ale polepole. Akikataa kuoga usimlazimishe, mwimbie, ataingia mwenyewe. Viatu vyake vifiche, la sivyo atatoka. Anapenda akae mahali anapoona barabara.

Nilipomwambia anakwenda kwa dada yake, alinishukuru. Akanipa mkono, akasema nimemtunza vizuri.

Tekla


Isyonje
6 Oktoba 2024

Wifi Tekla,

Bwana asifiwe!

Sikuandika mapema, nilitaka niwe na hakika. Kaka yangu anapona. Njiani alimsumbua kidogo Ambokile, walipofika Igawa alishuka kwenye basi akasema hapandi tena bila mke wake, ikabidi abiria wamsihi. Lakini alipofika hapa, wifi, ungemwona! Aliuona mlima, akataja jina lake. Aliingia jikoni moja kwa moja akavuta kigoda kile alichokuwa akikalia utotoni. Anataja watoto wote tuliochunga nao, hata waliokufa. Anaimba nyimbo za mama mpaka mwisho. Anamenya viazi pamoja nami huku akinisimulia mambo niliyoyasahau mimi mwenyewe.

Unaona sasa? Ugonjwa wa kusahau gani unakumbuka hivyo? Nilikuambia alihitaji kwao.

Mshukuru Mungu, na uache kulia. Krismasi nitamrudisha akiwa Fanueli wako.

Tupokigwe


Kihesa
20 Oktoba 2024

Wifi yangu,

Barua yako nimeilalia chini ya mto. Nimempigia Goodness nikamsomea yote. Anauguza watu wa namna hiyo kila siku. Akaniambia tu, "Mama, usipange sana." Nikamkasirikia nikakata simu.

Nimepaka rangi chumba. Nimenunua redio, maana ile aliivunja.

Wifi, katika hayo anayosimulia, ananitaja? Nijibu hilo moja.

Tekla


Isyonje
12 Januari 2025

Wifi Tekla,

Krismasi imepita na hukutuona. Najua ulikuwa unatazama kila basi. Nilishindwa kukuandikia.

Kwenye barua yako uliuliza kama anakutaja. Hakutaji. Hata mwezi wa kumi hakuwa anakutaja. Mimi nilikuwa nafurahia nyimbo.

Sasa sikiliza. Yale aliyoyakumbuka ni ya zamani tu, na hata hayo yamefika mwisho wake. Mimi sasa siyo dada yake, ananiita mama. Ananiuliza kama atakwenda shule kesho. Na Kiswahili kimemtoka, wifi. Mwanzoni nilidhani anapenda tu kuongea Kinyakyusa kwa kuwa yuko nyumbani. Mwezi wa kumi na moja mchungaji alikuja akamsalimia kwa Kiswahili, Fanueli akanitazama akaniuliza kwa lugha yetu, "Huyu anasema nini?" Mwalimu mzima! Nilikwenda nyuma ya nyumba.

Alinipiga mkononi kwa ukuni, akidhani nimemwibia ndama. Si sana. Ambokile anamlinda mchana, lakini Ambokile naye ana familia.

Nilikuandikia maneno mabaya mwezi wa saba. Watu niliokuambia kwamba wanasema, sasa wanasema ni mimi. Ugonjwa ni ugonjwa. Wewe ulikuwa mkweli na mimi nikachukua siku zake za mwisho za Kiswahili, ambazo zilikuwa zako.

Dada yako, kama bado unanitaka,
Tupokigwe


Kihesa
2 Februari 2025

Dada Tupokigwe,

Nakuita dada kwa sababu sina nguvu ya kukukasirikia. Siku hizo zingeisha hata hapa.

Lakini kwa hilo la lugha sipati usingizi. Mimi na Fanueli hatukuwa na kitu kingine. Kihehe hakukijua, na Kinyakyusa mimi niliokota maneno ya harusini na msibani tu, nikayasahau. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, Goodness tukamlea kwacho. Kama Kiswahili kimemtoka, basi nyumba yetu yote ilikuwa ndani yake, imeondoka nacho.

Nataka kuja Pasaka. Niandikie kwenye karatasi namna ya kusema, kwa lugha yenu: "Mimi ni Tekla, mke wako. Nimekuja kukuona." Andika kama yanavyotamkwa. Hapa mtaani kuna mama mmoja wa Tukuyu anauza ndizi, nitamwomba anisahihishe.

Tekla


Kihesa
28 Aprili 2025

Dada,

Nimefika salama. Asante kwa maziwa, na kwa kunilaza kwenye kitanda chako wewe ukalala chini. Asante kwa kunyamaza.

Tangu nirudi nawaza yale ya Jumatatu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno yale mpaka muuza ndizi akasema sasa mtu akinisikia atadhani nimezaliwa Tukuyu. Nilimkuta Fanueli amekaa kwenye benchi la nje, jua likimpiga magotini. Amekonda, dada, hukuniambia amekonda hivyo. Nikapiga magoti mbele yake kama mnavyofanya kwenu, nikamshika mikono, nikayasema yote, sikukosea hata moja. Wewe mwenyewe uliitikia kwa kichwa.

Akanitazama. Akatabasamu, na tabasamu ni lilelile. Kisha akaanza kuongea. Aliongea kwa muda mrefu, taratibu, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa darajani kule Prague. Alinipapasa kiganja. Mimi nilikuwa naitikia tu, ndaga, ndaga, ile asante yenu, machozi yananitoka, sielewi neno. Nilijisemea, amenijua. Mtu hawezi kuongea vile na asiyemjua. Nikakugeukia nikakuuliza, "Anasema nini?" nawe ukasema maziwa yanachemka, ukaingia ndani. Ambokile naye akajifanya anafunga ng'ombe.

Nilipokuuliza tena usiku ulisema umesahau. Hujasahau, dada.

Mimi sitarudi tena huko mapema. Goti limeharibika, na nilipoondoka hakuinua hata macho. Nitaishi na hayo maneno tu. Goodness anasema nisiulize. Lakini nimekuwa mke wa mtu huyo maisha yangu yote, na hilo ndilo jambo la mwisho atakaloniambia, ninalijua. Niandikie alisema nini. Lolote liwalo. Usinifiche kama nilivyokuficha mimi.

Tekla


Isyonje
11 Mei 2025

Mdogo wangu Tekla,

Nilikuwa nimeandika barua nyingine kabla ya hii. Ndani yake nilisema alikuita jina, akasema anakupenda. Ambokile aliikuta mezani akaisoma, akaniambia, "Mama, mke wa mjomba ameomba ukweli." Nikaichana.

Alisema hivi. Alisema, "Karibu mama. Unaongea lugha yetu vizuri, ingawa nasikia umetoka mbali. Umechoka, mikono yako ina baridi. Tungekukaribisha ulale, lakini mama yangu ana watoto wengi na nyumba ni ndogo. Usilie. Ukifuata barabara hii chini utakuta watu. Waambie wamwite mume wako aje akuchukue, maana jua linazama na yeye lazima anakutafuta."

Halafu akanigeukia mimi akaniambia nikupe maziwa kabla hujaondoka. Ndiyo sababu niliingia ndani.

Tangu Jumatano hali chakula. Mchungaji amekuja. Mlete Goodness kama anaweza kufika.

Tupokigwe